Mfumo wa Oda na Ndafu Tatu za Godlisten

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Pasua, yule anayeoka keki na kuzitangaza kwenye simu, alikuja kunisalimia. Nilijua hakuja kwa salamu tu, maana alinipa shikamoo ndefu huku ameshika kipande cha keki. Alipokaa akaniuliza, "Bibi, nasikia kule Rau mlihangaika sana na mambo ya mifumo. Mimi sasa oda zimekuwa nyingi, zinanipotea kwenye meseji. Nichukue mfumo gani?"

Nilimjibu mpaka keki ikaisha na chai ikapoa. Alipoondoka nikawaza kwamba wa aina yake mko wengi: wa keki, wa cherehani, wa vitanda, wa kuku wa kuagiza. Basi nawaandikia nyote kwa pamoja nisije nikarudia hadithi hii kila nyumba. Mimi si mtaalamu wa kompyuta, na nywila yangu naisahau mpaka leo. Lakini nimekuwa mpokea oda maisha yangu yote ya kazi, na oda naijua tangu inapoingia mlangoni na viatu vyenye tope mpaka inapotoka imepambwa kwenye sinia.

Jiko letu kule Rau lilikuwa la chakula cha sherehe. Mwenyewe ni Mama Upendo, Mkatoliki wa Uru, mwanamke mrefu ambaye hata akiomba chumvi utadhani anaamrisha gwaride. Mimi naitwa Mama Zuhura, mtoto wa mjini, Mwislamu, babu zangu waliletwa hapa Moshi na reli wakanogewa. Tulipika mtori na machalari, vyakula vya ndizi vya huku, na pilau, lakini jina letu lilijengwa na ndafu. Kwa wasioijua, ni mbuzi mzima aliyechomwa polepole, akasimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, akaingizwa ukumbini kwa ngoma na vigelegele, ukoo mmoja ukiutunuku ukoo wa pili. Wageni wa Dar huiita keki ya Wachagga. Harusi ikikosa ndafu huku mlimani watu watakula na kucheza, lakini wataisema hadi watoto wa ndoa ile nao waoe. Mchinjaji na mchomaji wetu alikuwa Rama, Mwislamu mwenzangu, ili ukumbini asiwepo mtu wa kusogeza sahani pembeni.

Mama Upendo ndiye aliyenifundisha kazi. Siku yangu ya kwanza mezani alikuja mzee mmoja kutoka Kibosho, nami kwa haraka zangu nikamwuliza anataka nini, siku gani, watu wangapi. Akanijibu vizuri, akaondoka. Mama Upendo akatoka jikoni amekunja uso.

"Umemwuliza habari za nyumbani?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na foleni."

"Basi hujapokea oda. Umepokea namba. Mkimbilie."

Nilimkuta mzee anasubiri gari. Nikamwamkia upya, nikamwuliza habari za nyumbani, na palepale akafunguka. Anayeoa ni mjukuu wake. Bibi wa bwana harusi hana meno, kwa hiyo apikiwe mtori laini wa peke yake. Wakwe ni Waislamu wa Tanga, watataka kujua nani amechinja. Yote hayo yalikuwa ndani ya oda, na mimi nilikuwa nimeyaacha yaende zake. Tangu siku hiyo, vijana, salamu kwangu ni sehemu ya kazi, na mfumo wowote unaowataka mwandike kabla ya kusalimia muuangalie kwa jicho la pembeni.

Sasa niwaambie kilichotufikisha kwenye mifumo. Nilizeeka. Magoti yalianza kunipigia kelele kila nikipanda ngazi, wajukuu walikuwa wananiita, nikamwambia Mama Upendo kwamba nataka kupumzika. Tatizo ni kwamba oda zote zilikaa kichwani mwangu, na zile chache zilizokuwa daftarini niliziandika kwa mwandiko ninaousoma mimi tu. Mama Upendo akafikiri siku kadhaa, kisha akatuita, mimi na binti yake Upendo, aliyekuwa ameacha kazi ya ofisi Dar akarudi nyumbani kwa mapenzi ya jiko lile.

"Mama Zuhura akiondoka, jiko limeondoka," akasema. "Mimi nafunga. Bora nifunge watu wakiwa bado wananisifu."

Upendo akalia. Nilikuwa sijamwona akilia tangu alipokuwa mtoto wa kuchezea maganda ya ndizi chini ya meza yangu. Iliniuma sana, maana yule mtoto alikuwa na mkono wa kupika na moyo wa watu, na sasa anafungiwa mlango kwa sababu ya kichwa changu. Akafuta machozi akasema, "Mama, nipe mpaka Krismasi ya mwaka huu ipite. Nitatafuta mfumo wa oda. Mama Zuhura atanifundisha, nami nitayaweka yote humo."

Mama yake akajibu, "Sawa. Lakini nikisikia sherehe moja tu imekosa ndafu yake kwa ajili ya hiyo mashine, nafunga siku hiyohiyo." Na yule mama akisema amesema.

Mfumo wa kwanza uliletwa na kijana kutoka Arusha, viatu vinang'aa mpaka unajiona. Akatuonyesha kwenye kishikwambi chake jinsi mteja anavyoagiza piza mbili: jina, namba ya simu, piza, thibitisha, kwisha. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

"Hiyo piza ina wakwe?" Mama Upendo akamwuliza.

"Samahani, mama?"

"Ndafu ina wakwe. Piza ina nani?"

Kijana akacheka kwa adabu akaendelea. Skrini ilikuwa na rangi nzuri, michoro inapanda na kushuka, na ukithibitisha oda inalia kengele ndogo. Mimi, sitawaficha, niliupenda kuliko hata Upendo. Nilibonyeza ile kengele mpaka nikaambiwa niache. Tukauchukua kwa sababu ulipendeza, na hapo ndipo ninapotaka mtege masikio, maana kila muuzaji atawaonyesha oda rahisi kuliko zote. Hakuna atakayekuja na oda yenye shangazi mkali ndani yake.

Kichekesho cha kwanza kilitoka kwa mama mmoja wa Marangu aliyekuwa anaoza binti yake. Mnajua harusi zetu: kamati inakaa kila Jumapili baada ya ibada, na kila ikikaa inabadilisha. Wageni wameongezeka, pilau ipungue, mtori uongezwe. Daftarini nilikuwa nakata mstari na kuandika juu. Ule mfumo ulikuwa ukishathibitisha oda umeifunga. Kuibadilisha ni lazima uifute uiandike upya. Upendo akaifuta, akaiandika upya vizuri kabisa, akaenda kulala na amani yake. Asichokijua ni kwamba mfumo ulikuwa umemtumia mama wa watu ujumbe: "Ndugu mteja, oda yako imefutwa. Karibu tena."

Asubuhi tulimkuta mlangoni na akina mama wa jumuiya yake wote, vitenge vya sare, nyuso zimeshuka. Hawakugomba. Walipiga magoti palepale uani wakaanza rozari kuliombea jiko letu liguswe moyo. Sasa Mama Upendo ni Mkatoliki wa kweli, rozari ikishaanza hawezi kuikatisha kuwaambia ni mambo ya mashine. Akapiga magoti naye, na aproni yake, akaitikia mpaka mwisho huku ananitupia macho mimi na Upendo dirishani. Mimi nilichemsha chai ya watu wote. Walipomaliza akawaeleza, wakashangilia, wakasema maombi yamejibiwa upesi mno. Waliondoka wakiimba. Mama Upendo alibaki anajipangusa magoti, akatuuliza kwa upole wa kutisha kama kuna jambo lingine ambalo mashine inawaambia watu wake bila yeye kujua. Nanyi waulizeni wauzaji swali hilohilo.

Kisha ikawa zamu ya Rama. Alitumwa kupeleka chakula cha harusi Mkuu, Rombo, maelekezo yote yamo ndani ya simu. Alipofika juu mtandao ukakata, na mfumo ule bila mtandao haufunguki; kilichobaki ni kiduara kinazunguka. Rama akazima gari, akasikiliza muziki unatoka wapi, akaufuata. Akakaribishwa kwa shangwe, akapewa kiti, akapewa soda, na alikuwa ameanza kushusha masufuria ndipo akatazama bango akaona picha ya mtoto mwenye gauni la kipaimara. Alipofika harusini alikuwa ameshashiba. Mpaka leo wale wa kipaimara wakimwona mjini wanamwita mjomba.

Haya tulicheka. La Godlisten ndilo lililotubadilisha rangi.

Godlisten alikuwa kijana wa Kwa Sadala, anaoa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Baba yake alishafariki, kwa hiyo harusi ilibebwa na ukoo mzima, na ukoo ukibeba jambo kila mtu hujiona ndiye aliyelishika. Kaka yake mkubwa akapiga simu kutoka Dar, akaagiza ndafu ya "harusi ya Godi". Upendo akaiandika. Shangazi yake akashuka mwenyewe na mwavuli wake mpaka Rau, akaniagizia mimi ndafu ya "mtoto wa marehemu kaka yangu". Nikaiandika. Mwenyekiti wa kamati akaagiza kupitia mfumo wenyewe, kwa jina la ukoo. Simu tatu, majina matatu, na mfumo ulimjua mtu kwa namba yake ya simu. Kwake hao walikuwa wateja watatu wenye sherehe tatu. Kengele ikalia mara tatu, nasi tukafurahi biashara inakwenda.

Rama alipopewa ndafu tatu za Kwa Sadala hakushangaa hata kidogo. Kwaresima imekwisha, kila mtu anaoa. Alipokea karatasi tulizoanza kumwandikia tangu yale ya Rombo, moja imeandikwa ukumbi wa kanisa, ya pili ukumbi karibu na soko, ya tatu "ukumbi wetu uleule", akaondoka. Ni baada ya saa nzima ndipo alipotupigia, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Mama Zuhura, shikamoo. Hizi kumbi tatu mbona ni moja?"

Mama Upendo alikuwa anasikia. Aliingia kwenye bustani yake, akakata jani la isale, lile ambalo Wachagga humpelekea mtu waliyemkosea wakati wa kuomba msamaha, akalificha ndani ya kitenge, akasema, "Twendeni tukaombe radhi." Tukakodi gari. Upendo alikuwa anang'ata kucha. Mimi nilikuwa nafikiria aibu ya watu wale: upande wa bwana harusi unaonekana haujui hata umeagiza nini, mbele ya wakwe.

Tulipofika ukumbini tulikuta vigelegele vinapasua paa. Kumbe wahudumu, baada ya kuona masinia matatu mlangoni, walifanya kile ambacho mhudumu yeyote angefanya: waliyaingiza yote. Ndafu ya kwanza iliingia, wakwe wakasimama. Ya pili ikaingia, wakwe wakatazamana. Ya tatu ilipoingia, mama wa bibi harusi alipanda juu ya kiti. Na mshereheshaji, Mungu ambariki, hakupoteza hata sekunde.

"Wakwe!" akapaza sauti. "Upande wa bwana harusi wamekaa, wamepima, wakaona binti yenu mbuzi mmoja hamtoshi!"

Yule mwenyekiti wa kamati alituona tumesimama mlangoni kama washtakiwa. Akaja mbio, jasho linamtoka, akamshika Mama Upendo mkono.

"Mama, nakuomba. Usiseme neno. Hata moja."

"Lakini, baba, sisi tulikuwa tunakuja..."

"Nimeona isale linachungulia, mama. Lirudishe ndani. Wakwe wanalia kwa furaha pale. Ukisema ni makosa umetuvunjia harusi. Aika, asante mama, aika sana."

Basi Mama Upendo akalisukuma isale ndani ya kitenge, tukakokotwa mpaka meza ya mbele, tukapigiwa makofi. Shangazi mwenye mwavuli alinikonyeza. Mambo ya nani alipie nini yalimalizwa baadaye kiungwana, si ya kuwasumbua ninyi. Msiba wetu ulikuwa mwingine: kwa muda wa miezi, kila anayeoa Kwa Sadala alikuja kuulizia zile ndafu tatu kama kwa Godlisten, na wazazi wa vijana wakawa wanatutazama kwa chuki.

Kwenye gari tukirudi, Mama Upendo alianza kucheka. Alicheka mpaka akafungua dirisha apate hewa, nasi tukacheka naye, Rama akalazimika kupaki pembeni. Tulipoondoka tena akafuta macho, akatazama migomba inapita.

"Leo zimezidi," akasema. "Upendo mwanangu, siku moja zitapungua. Kutakuwa na harusi mbili na ndafu moja. Siku hiyo hakuna mshereheshaji atakayetuokoa."

Upendo aliniegemea bega. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba anaogopa Krismasi.

Ule mfumo wa kengele tuliuacha. Na hapa kuna jambo ambalo nawasihi mlishike hata kama mtasahau mengine: mfumo tafuteni msimu biashara imelala. Sisi tulitafuta masika, harusi za Pasaka zimeshapita, mvua inanyesha, barabara za juu tope tupu, na anayeoa ni mtu mmojammoja mwenye haraka zake. Ungekuwa Desemba tungechukua chochote kilicho karibu.

Upendo akapata wazo. Badala ya kuwaacha wauzaji watuonyeshe piza zao, yeye aliwapa harusi ya Godlisten. Kila aliyekuja au kupiga simu alipewa kisa chote: kaka wa Dar, shangazi wa mwavuli, mwenyekiti, na kamati inayobadilisha kila Jumapili. Kisha aliambiwa, "Haya, tuonyeshe." Wengi walikwama kwa shangazi. Mmoja, kijana mwenye heshima zake, aliuliza swali ambalo bado tunalicheka.

"Kwani mama, kwa nini asipige simu mtu mmoja tu?"

Mama Upendo akamtazama kwa huruma. "Umeoa, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Ukioa, rudi."

Mwingine alituletea mfumo wa ghala, matawi, mishahara, kodi, kila kitu, na mafunzo ya wiki nzima. Upendo alivutiwa, nikamwona macho yamemtoka. Nikamwuliza katika hayo yote tutatumia lipi Jumamosi asubuhi. Akafikiri, akacheka mwenyewe, akamrudishia mtu vipeperushi vyake. Kulipia kila mwezi chumba usichoingia ni anasa ya matajiri.

Tuliouchagua ulikuwa hauna uzuri wowote. Mweupe, maandishi meusi, hakuna hata kengele, niliuonea huruma. Muuzaji alikuwa mwanamke wa Mwanza, tukiongea naye kwa simu, na tofauti yake na wenzake ni kwamba alianza kwa kusema, "Nielezeni hiyo harusi yenyewe ilivyokuwa." Tukamweleza. Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasema, "Mama zangu, basi tulitoe neno mteja. Oda isiwe ya mtu mwenye simu. Iwe ya sherehe."

Upendo alinitazama, nami nikamtazama. Ndivyo kichwa changu kilivyokuwa kinafanya kazi miaka yote, ila sikuwa na maneno ya kulisema. Mama yule wa Mwanza akatupangia upya: ukifungua oda unaulizwa kwanza anayefanyiwa sherehe ni nani, mtoto wa nani, siku gani, ukumbi gani. Ukiandika sherehe ambayo ipo tayari, inakuletea ileile. Chini yake unaweza kuweka simu za shangazi, kaka na mwenyekiti, hata za ukoo mzima, lakini mmoja wao anawekwa msemaji, na bila neno lake hakibadiliki kitu. Mabadiliko ya kamati yanaandikwa juu ya ya zamani, na ya zamani yanabaki yanaonekana, maana Jumapili ijayo watayarudia. Na pakawa na nafasi ya habari za nyumbani, nafasi pana. Hiyo niliiomba mimi.

Hatukumwamini hivihivi. Upendo alizima mtandao akaandika oda, akauwasha, oda ikawa salama. Rama alichapishiwa karatasi ya Kiswahili akaisoma bila miwani. Tukaomba kuonyeshwa namna ya kuzitoa oda zetu zote siku tukitaka kuhama, ili tusije tukawa wafungwa wa mtu. Mtihani wa mwisho ulikuwa wangu: nilimpigia Jumamosi alasiri, saa ambazo sherehe zinawaka moto. Akapokea. Nikamwamkia, nikamwuliza habari za nyumbani, nikakata. Alinielewa.

Tukaanza na oda ndogondogo, za ubatizo na arobaini, mimi nikiwa bado na daftari pembeni kama mtu aliyeshika fimbo ilhali miguu yake imeshapona. Ulipofika msimu wa vipaimara nikaanza kulisahau nyumbani.

Halafu ikaja Krismasi. Mliokulia hapa mnaijua: mlima unajaa, magari ya Dar na Arusha yamepangana mpaka ndani ya migomba, na kila ukoo unaoza, unaoa, unabatiza na kumshukuru Mungu katika wiki zilezile. Mama Upendo alisimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, anasubiri kosa. Siku moja lilikaribia. Walikuwepo akina Massawe wawili wanaoa Uru, parokia moja, Jumamosi moja, na mabwana harusi wote wanaitwa Emanueli. Nilisimama nyuma ya Upendo, nikajizuia nisiseme. Akauliza kwenye simu kwa sauti ya utulivu, "Shikamoo mzee. Habari za nyumbani? Huyu Emanueli ni mtoto wa nani?" Akatenganisha. Ndafu mbili zikaenda kumbi mbili, kila moja kwa wakwe zake.

Mwaka Mpya ulipoingia hakuna sherehe iliyokuwa imekosa ndafu, na hakuna iliyopata ya ziada. Mimi na Upendo tulimsubiri Mama Upendo aseme kama anafunga au hafungi, lakini alikuwa anazunguka tu na kufunika masufuria yaliyokwisha kufunikwa.

Mwezi Januari mtoto wa kaka yake akaoa, kulekule Uru, na chakula kikatoka jikoni kwetu. Mama Upendo akavaa aproni juu ya gauni la sherehe. Upendo akamfuata, akaifungua kwa nyuma, akaikunja.

"Mama, leo wewe ni shangazi. Nenda kakae. Na wewe, Mama Zuhura."

Tukaenda tukakaa, hatujui mikono tuiweke wapi. Mwenzangu alikuwa anageuka kila mara kutazama mlango wa jiko la ukumbi, nami namvuta kitenge. Ndafu ikaingia kwa ngoma, tukapiga vigelegele na watu wengine, ikakatwa, na binti mmoja mhudumu, mgeni kabisa kazini, akatuletea sahani bado inatoa mvuke. Mama Upendo akatia kipande mdomoni, akatafuna polepole, akaacha kutafuna.

"Mama Zuhura."

"Naam."

"Hii nyama hatujawahi kuila ikiwa ya moto."

Ni kweli. Miaka yote ile sisi tulikula mabaki, tumesimama, watu wameshaenda. Nikaonja yangu. Ilikuwa tamu kiasi kwamba nilitaka kulia.

"Kumbe tulikuwa tunapika vizuri," akasema, na machozi yakamtoka anacheka, na mimi vilevile, tukapangusana kwa leso moja mbele ya wakwe.

Alimaliza sahani yote. Binti mhudumu alipokuja kuondoa vyombo, Mama Upendo akamshika mkono.

"Mwanangu, mwambie mwenye jiko nimekula nimeshiba. Mwambie namshukuru."

Yule binti hakumjua. Akaitikia, "Sawa, mama," akaenda jikoni kumpa Upendo salamu zake.